Siku Isiyo na Hodi

Ulikuwepo wakati ambapo watu wa Ikwega waliogopa hodi kuliko walivyomwogopa chui. Nyie mnaomenya viazi hapa mkicheka mmeikuta siku hii imeshatengenezwa, mkadhani iliumbwa hivyo, kama mlima na mto. Haikuumbwa. Ilitengenezwa na mtu, na mtu huyo alikuwa mwanamke mmoja aliyechoka.

Ikwega iko juu sana, pale mianzi inapokoma na majani mafupi yanapoanza. Wakati wa baridi kali huanguka sakitu, ule umande ulioganda, na asubuhi mashamba huwa meupe kana kwamba kuna mtu amepita akimwaga chumvi. Tangu zamani wazee walikuwa na siku moja katikati ya baridi hiyo waliyoiita Mgeuko. Walisema ndiyo siku ambayo jua limechoka kwenda mbali, limegeuka, limeanza kurudi nyumbani. Kila nyumba iliisherehekea. Lakini haikuwa sherehe hii mnayoijua. Ilikuwa sherehe ya nyama.

Kila nyumba ilipaswa kuchinja, na kila nyumba ilipika peke yake, mlango umekomewa. Mgeni aliyefika alisimama nje akapiga hodi mara tatu, akasubiri. Akikaribishwa, lazima ale nyama. Akikaribishwa halafu nyama isionekane, vijana walikusanyika nje ya nyumba ile jioni yake wakamwimba mwenye nyumba kwa jina, na wimbo huo ulidumu hadi Mgeuko mwingine. Kuna mzee mmoja aliimbwa kwa sababu ya chungu cha njegere tupu. Akauza kondoo wake, akahama, na wimbo ukamfuata huko alikohamia.

Basi watu wakajifunza kutazamana kwa mbali. Walitazama moshi, kwa sababu anayepika nyama hukoka moto mkubwa. Walitazama midomo, kwa sababu aliyekula kondoo hung'aa midomo. Moshi ukiwa mzito na midomo ikiwa inang'aa, nyumba ile ilikuwa salama, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Subilaga alikuwa mjane. Mumewe alizama mtoni masika yaliyotangulia, akivusha mianzi ya kuezekea nyumba ya mtu mwingine. Alimwachia watoto wawili wa kike: Kissa, aliyekuwa na miaka kumi, na Bupe, ambaye hakuwa ametimiza mitano. Alimwachia pia nyumba yenye paa zuri, shamba kwenye mteremko, na kondoo wawili ambao waliliwa na msiba wenyewe.

Majirani walimwita mkono wa birika, lakini hawakumwelewa. Hakuwa mchoyo, alikuwa anahesabu miezi. Kila alipochota unga wa uji, alirudisha kiasi cha kidole kimoja ndani ya kapu. Maganda ya viazi aliyaanika juu ya paa, yakikauka akayasaga. Ngozi za kondoo zilizochakaa alizishona pamoja, zile sehemu zenye manyoya zikaelekea kwenye migongo ya watoto. Moto wake aliufunika kwa jivu kila jioni na kuufunua kila asubuhi, na tangu alipoolewa haukuwahi kuzimika hata mara moja. Zawadi ya Mgeuko kwa wanawe ilikuwa uzi wa shanga za njegere. Mtoto alivaa asubuhi, akatamba nazo mchana kutwa, na jioni shanga ziliingia chunguni.

Akiba haiozi, lakini sakitu huikuta. Mwaka ule ilianguka mapema, viazi vikiwa bado vinatoa maua. Majani yaliungua yakawa meusi kwa asubuhi moja. Alipochimba alikuta vitu vidogo kama mayai ya kwale. Walivila. Vilipokwisha wakala maganda, na maganda yalipokwisha wakanywa maji ya pumba. Kilichobaki ni kapu moja la mbegu, lililoning'inia darini juu ya moto, viazi vimelazwa katikati ya majani makavu ya gugu la mlimani.

"Vile si vinaliwa?" Bupe aliuliza siku moja, akiwa amelala chali anatazama juu.

"Vile ni mbegu."

"Mbegu si viazi?"

"Mbegu ni mwakani," Subilaga alijibu. "Ukila mwakani leo, mwakani utakula nini?"

Bupe alifikiri. "Nitakula leo," alisema.

Kissa akacheka, na mama yake naye akacheka kidogo. Kisha Bupe akakohoa, na kicheko kikaisha. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu mwezi uliopita.

Siku ya Mgeuko ilipofika, Subilaga aliamka akatunga njegere alizokuwa amezificha kwa ajili hiyo. Zilitosha nyuzi mbili fupi. Aliwavisha watoto. Jua lilikuwa limeanza tu kuyeyusha sakitu kwenye ukingo wa paa aliposikia sauti nje.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Aliijua sauti. Ilikuwa ya Mama Gwantwa, jirani wa karibu kuliko wote, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Subilaga hakujibu kwanza. Alikuwa amejiandaa. Pembeni ya mafiga palikuwa na rundo la majani mabichi ya mianzi, yenye maji. Akayatupa yote juu ya moto, na moshi ukapanda mzito hadi darini, ukatafuta njia ya kutokea kwenye nyasi za paa. Akachomoa kutoka kwenye ufa wa ukuta kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, cha zamani, kimefungwa kwa jani na kigumu kama nta. Alikipasha juu ya figa, akajipaka midomo, akampaka Kissa, akampaka Bupe.

"Hodi ya pili hiyo!"

"Usilambe," alimwambia Bupe kwa sauti ya chini.

"Nikilamba kidogo?"

"Hata kidogo. Ukilamba nakuchapa."

Bupe akaibana midomo yake, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtoto msikivu alipotaka.

"Karibu!" Subilaga aliita sasa. Akafungua mlango kiasi cha bega moja, akasimama kwenye uwazi huo.

Mama Gwantwa alikuwa amejikunja kwa baridi, mikono yote miwili imeingia ndani ya nguo yake, imebana kwapani.

"Mama Kissa, moshi gani huo! Umechinja kondoo au umechinja kijiji?"

"Kondoo, mwenzangu. Tumekula mapema. Watoto hawana subira."

"Naona. Hata huyo mdogo anang'aa mdomo kama chura wa masika." Mama Gwantwa alichungulia chini ya mkono wa Subilaga. Bupe alimtazama, midomo imebanwa vilevile.

"Karibu ndani basi, ule," Subilaga alisema, na hakusogea. Kama mwanamke yule angepiga hatua moja, kila kitu kingeharibika.

"Mimi? Nimeshiba hata kope haziinuki. Baba Gwantwa alichinja jana, tunakula mpaka tunakereka. Nilipita kuwasalimu tu."

"Na hicho ulichokibeba kwapani?"

"Baridi, mwenzangu. Nimeibeba baridi, nitakwenda kuitupa mtoni." Akacheka, akageuka, akashuka njia ya kwake haraka haraka.

Subilaga alikomea mlango. Alijiona ameshinda, maana aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote mlimani alikuwa ameona alichotakiwa kuona, na kabla ya jua kufika utosini kila nyumba ingejua kwamba kwa mjane kuna nyama.

Mchana ule Bupe aliacha kukohoa. Mzazi asiyejua angefurahi. Subilaga alikuwa amezika wadogo zake wawili kwa mama yake, na alijua maana ya kikohozi kinachonyamaza chenyewe. Alimgusa mtoto miguu, ikawa ya baridi. Alimgusa kifua, akakuta kinapanda na kushuka kama cha ndege mdogo. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapita wakitambiana kwa shanga zao.

Hakufikiri sana. Alikuwa amefikiri tangu viazi vilipoungua, na kufikiri hakukuwa kumemshibisha mtu. Alipanda juu ya kinu, akalishusha kapu la mbegu, akatoa viazi vitano, akavitia chunguni na maji. Kisha akainama kuchochea moto.

Majani mabichi yalikuwa yameukalia. Alipoyafukua alikuta maji na masizi. Alichokonoa jivu hadi chini, mahali alipokuwa akiuficha moto kila jioni kwa miaka yote hiyo, akatafuta chembe moja nyekundu. Hakuiona. Alikuwa ameuzima kwa mkono wake mwenyewe ili majirani waone moshi.

"Mlalie mwenzako," alimwambia Kissa. "Mlalie kifuani, umpe joto. Naenda kuomba moto."

Alichukua kigae cha chungu akakimbia. Kwa Mama Gwantwa hapakuwa mbali. Mtu aliyeanza kumenya kiazi angefika kabla hajakimaliza. Alifika akihema, akasimama nje kama ilivyotakiwa.

"Hodi!"

Kimya. Kisha moshi ulianza kutoka kwenye paa, mzito, mweupe. Subilaga aliutazama. Alinusa majani mabichi ya mianzi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, Mama Kissa."

"Subiri kidogo! Nakuja, subiri kidogo!"

Ndani kulikuwa na purukushani, vyombo vikigongana, mtoto akinong'onezwa asitembee. Komeo la mlango ule lilikuwa ufito wa mwanzi tu. Subilaga angeweza kulivunja kwa goti. Aliutazama mlango, akatazama kigae mkononi mwake, na hakuuvunja, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri akiambiwa asubiri husubiri. Alijua kabisa kinachofanyika mle ndani. Angeweza kuhesabu midomo ikipakwa, mmoja baada ya mwingine.

"Hodi!" alisema mara ya tatu, na sauti haikuwa yake.

Mlango ukafunguka. Mama Gwantwa alikuwa anang'aa midomo. Nyuma yake mume wake alikuwa anang'aa midomo, na watoto wao watatu vilevile, wamepangwa ukutani wima kama mitungi. Kwenye kidole cha Mama Gwantwa kulikuwa bado na donge la mafuta.

"Karibu, nyama ndiyo inaiva iva..."

"Nipe moto," Subilaga alisema. "Bupe anakufa."

Mama Gwantwa alimtazama usoni. Aliona mafuta ya asubuhi yaliyokauka kwenye midomo iliyopasuka kwa njaa. Alipiga magoti kwenye mafiga yake, naye akakuta majani yake mabichi yamekwisha kuukalia moto wake, akaanza kuyatupa huku na huku kwa mikono mitupu na kupuliza, kupuliza, mpaka makaa mawili yakaonekana. Akayatia kwenye kigae.

Subilaga alirudi akiyalinda makaa kwa kiganja. Alimkuta Kissa ameketi kando.

"Mama, amelala. Nimemfunika."

Aliweka kigae chini, akamfunua mtoto. Bupe alikuwa ameshakufa. Uzi wa njegere ulikuwa shingoni, punje zote zipo. Na midomo ilikuwa inang'aa bado.

"Nilimwambia alambe tu," Kissa alisema. "Nikamwambia mama hayupo, lamba. Akakataa."

Subilaga hakupiga yowe. Alimfunika tena mtoto. Kisha alichukua yale makaa, akakoka moto upya kwa kuni kavu, akavichemsha viazi vitano, kwa sababu Kissa alikuwa hai, na aliye hai lazima ale. Kissa alikula huku analia. Mama yake alimtazama mpaka akamaliza.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Gwantwa aliingia bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye moto, akachuchumaa. Alichomoa kutoka ndani ya nguo yake viazi vitatu vilivyochomwa na maganda yake, vimepoa, vina jivu.

"Nilikuja navyo asubuhi," alisema. "Ndivyo tulivyokuwa navyo. Nilitaka tuviunge na chochote ulichonacho, tupike pamoja, watoto waone Mgeuko. Nikaona midomo yenu, nikaona haya. Nitampaje mtu viazi aliyekula kondoo?"

"Ungeingia tu."

"Ungenizuia, Mama Kissa. Ulisimama mlangoni kama mti."

Subilaga alifikiri. "Ningekuzuia," alikubali. "Lakini ungeingia."

Walimwosha Bupe wao wawili. Mama Gwantwa ndiye aliyemfuta midomo. Alitumia jivu, maana mafuta yale ya zamani hayakutoka kwa maji.

Mbegu iliyobaki Subilaga aliipanda mvua ziliporudi. Ilizaa vizuri. Watu walimwambia pole kwa mwaka uliopita na hongera kwa mwaka huu, naye aliitikia zote mbili kwa sauti ileile. Siku alipovuna, aling'oa komeo la mlango wake, akalikata, akalifanya kuni.

Mgeuko uliofuata aliamka mapema, akajaza kapu viazi, akamwambia Kissa, "Beba." Wakashuka. Waliingia kwa Mama Gwantwa bila hodi. Mama Gwantwa hakushangaa. Subilaga alifukua jivu kwenye mafiga, akazika kiazi kimoja na ganda lake, akainuka. Mama Gwantwa alijifunga nguo kiunoni, akawafuata.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Mwalukasa, tajiri wa mlima ule, mwenye moshi mzito kuliko wote. Subilaga alisukuma mlango. Alimkuta mzee amesimama wima katikati ya nyumba, mkono mmoja mgongoni, mdomo wa juu umeshapakwa, wa chini bado. Mke wake alikuwa anazuia mfuniko wa chungu kwa mikono miwili.

"We mwanamke!" mzee alifoka. "Huna adabu?"

"Adabu ninayo ya siku nyingine zote, Mzee. Leo sina."

Alichuchumaa. Alichovya kidole kwenye jivu, akajipaka midomo yake mpaka ikawa ya kijivu, akamwinulia uso ili aone vizuri. Akazika kiazi kimoja. Mke wa mzee aliutoa mfuniko taratibu mwenyewe. Chunguni mlikuwa na maji na njegere chache zikielea.

Mzee Mwalukasa aliketi. Aliuleta mbele ule mkono uliokuwa mgongoni, akatazama donge la mafuta kiganjani kama mtu anayetazama jino lake lililong'oka. Kisha akalitupa kwenye moto, nalo likalia likaisha.

"Umebakiza nyumba ngapi?" aliuliza.

"Zote za upande wa juu."

"Ngoja nichukue fimbo yangu," alisema.

Walizimaliza zote. Na nitawaambia walichokikuta, kwa sababu watoto wa siku hizi hudhani watu wa kale walikuwa na kila kitu. Katika nyumba zote za Ikwega, waliochinja kweli walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amechinja kuku aliyekuwa anakufa. Wengine wote walikuwa na majani mabichi na mafuta ya zamani. Miaka mingapi walikuwa wameishi hivyo, hakuna aliyetaka kuuliza. Kila mwanamke alikumbuka mtoto fulani, baridi fulani.

Jioni vijana walikuja nyumbani kwa Subilaga kumwimba, kama desturi, kwa kuwa alivunja desturi. Walikuta mlango hauna komeo. Ndani walikuta mama zao wenyewe, midomo ina jivu, wakimenya viazi. Waliingia, wakapewa kimoja kimoja.

Na tangu mwaka ule, siku ya Mgeuko ikifika, Ikwega nzima haikomei mlango. Hakuna anayechinja, hata mwenye nacho. Kila mtu hubeba kiazi kimoja kwa kila nyumba anayoingia, akakizika kwenye jivu kwa mkono wake, na moto wa siku hiyo hukokwa kwa kuni kavu tu. Watoto huvaa shanga za njegere, na kabla ya kula kila mtu hupakwa jivu midomoni, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto anayenyonya. Wageni wanaotoka bondeni hucheka wakituona. Waacheni wacheke. Kiazi kimoja hakimshibishi mtu, na hakuna aliyewahi kusema kinamshibisha.

Siku nyingine zote za mwaka watu wa Ikwega ni watu wa adabu kama watu wengine. Hupiga hodi mara tatu, wakiambiwa wasubiri husubiri. Siku hii moja tu ndiyo hawasubiri.